MERIKEBU YA WISSMANN KATIKA ZIWA NYASA

Sisi tukaao Njombe na Makambako hatuna bahari, wala hatuna ziwa mlangoni petu. Tuna vilima, ukungu na baridi. Kwa hiyo mtu akitaja habari za merikebu za vita, wengi wetu hudhani ni habari za watu wa pwani, zisizotuhusu. Lakini Vita Kuu ya mwaka 1914 hata 1918 ilipofika Ubena, ilikuja kwanza kwa njia ya maji. Sehemu kubwa ya risasi, dawa na vyakula vya majeshi yaliyoingia Njombe mwaka 1916 ilikuwa imevushwa katika Ziwa Nyasa kabla haijapandishwa milimani. Na sababu moja kubwa iliyowapa Waingereza njia hiyo, wala si Wadachi, kama wazee wetu walivyowaita Wajerumani, ni mambo yaliyoipata merikebu moja tu. Jina lake ni Hermann von Wissmann. Nataka kueleza maisha yake, tangu kuzaliwa kwake hata siku zake za mwisho, na kuonyesha jinsi maisha hayo yalivyogusa mabega ya watu wa nchi yetu.

KUZALIWA KWAKE

Mwaka 1889 Hermann von Wissmann alitumwa na serikali ya Kidachi kuja pwani ya nchi hii, naye ndiye aliyepigana na Abushiri bin Salim wa Pangani hata akamshinda. Mwaka 1890 alianza kukusanya fedha kwao Ujerumani, ili ipatikane merikebu ya moshi ya kuwekwa katika ziwa moja kubwa la bara. Kusudi lililotangazwa lilikuwa jema: merikebu hiyo iizuie biashara ya watumwa. Watu wakatoa fedha, nayo merikebu ikaundwa.

Hapo kwanza haikukusudiwa kwenda Nyasa. Mashauri yalibadilika njiani, na mwisho likachaguliwa Ziwa Nyasa kwa sababu ndilo lililofikika kwa maji karibu njia yote. Merikebu ya bahari ilishusha mizigo Chinde, penye mdomo wa mto Zambezi. Kutoka hapo mashua zilipanda Zambezi, kisha zikaingia mto Shire. Lakini katika Shire pana maporomoko makubwa ambayo chombo hakiwezi kuyapita. Basi merikebu iliyokuwa imefungwa vipande vipande ikatolewa majini, ikachukuliwa na wapagazi kwa miguu hata juu ya maporomoko. Huko Mpimbi ikaunganishwa, misumari ikapigwa, na mwaka 1893 ikawa inaelea ziwani.

Jambo hili linafaa kukumbukwa. Merikebu iliyoletwa kuwaondolea watu mizigo na minyororo ilifika ziwani kwa mabega ya watu. Kabla ya kumchukua mtu hata mmoja, ilichukuliwa na watu.

Wala sababu ya kuiunda haikuwa ya uongo. Wakati ule Ziwa Nyasa lilikuwa njia ya watumwa. Majahazi yalivuka kutoka Kota Kota, upande wa magharibi, mahali pa ufalme wa Jumbe, yakaja kushusha watu upande wa mashariki. Na hao wakatembezwa siku nyingi hata Kilwa, wakauzwa. Chombo cha moshi kilichoweza kwenda bila kungoja upepo kilikuwa adui mkubwa wa majahazi hayo. Lakini chombo kile kile kilichoweza kumfukuza mwuza watumwa kiliweza pia kuleta askari, bendera na kodi. Mwaka ule ule Wadachi wakajenga boma lao Langenburg, kaskazini ya ziwa, na merikebu ikawa miguu ya boma hilo.

KAZI YAKE YA MIAKA 20

Kwa muda wa miaka 20 Wissmann ilitumika kazi za amani na za utawala pamoja. Ilichukua barua, watu wa serikali, askari, wafanya biashara na wamisionari. Hapakuwa na reli iliyofika kwetu wala barabara ya motokaa. Mtu aliyetoka Ulaya kwenda nyanda za juu za kusini aliona afadhali kuzunguka kwa Chinde na Shire na ziwa, kuliko kutembea kwa miguu kutoka pwani. Hivyo watu wengi na vitu vingi vilivyokuwa vigeni katika nchi yetu siku zile vilipita kwanza katika maji ya Nyasa.

Merikebu hii haikuwa peke yake. Waingereza walikuwa na vyombo vyao upande wa pili, na kilicho kikubwa kiliitwa Gwendolen, kilichoshushwa majini Fort Johnston mwaka 1899. Siku hizi mji huo huitwa Mangochi. Misheni ya UMCA nayo ilikuwa na merikebu yake, Chauncy Maples, iliyopewa jina la Askofu aliyezama katika ziwa hilo hilo mwaka 1895. Nayo pia ililetwa kutoka Uingereza vipande vipande, ikaanza kazi mwaka 1901.

Nahodha wa Wissmann katika miaka ya mwisho kabla ya vita alikuwa Bwana Berndt. Mkuu wa Gwendolen alikuwa Bwana Rhoades, aliyekuwa mmoja wa watu waliolipima ziwa na kuchora ramani yake, hata akaijua kila ghuba na kila mwamba. Wazungu walikuwa wachache katika ziwa lile, na hao mabwana wawili walijuana vizuri. Husimuliwa kwamba walipokutana bandarini walikula na kunywa pamoja kama majirani. Maji yalikuwa mapana, yakawatosha wote wawili.

TAREHE 13 AGOSTI 1914

Tarehe 4 Agosti 1914 Uingereza na Ujerumani ziliingia vitani. Habari hiyo iliwafikia Waingereza wa Nyasaland kwa simu ya waya. Lakini Wadachi wa pande zetu hawakuwa na waya ulioungana na Dar es Salaam, na habari zao zilitembea kwa miguu ya matarishi. Hivyo kwa siku kadha watu wa upande mmoja wa ziwa walikuwa vitani, na watu wa upande wa pili walidhani wako katika amani.

Bwana Rhoades akapewa amri aitafute Wissmann, aizame au aikamate. Akajua mahali pa kuitafuta. Ilikuwa imepandishwa juu ya magogo ili itengenezwe, katika bandari ya Sphinxhafen, mahali tunapopaita leo Liuli, katika wilaya ya Nyasa. Asubuhi ya tarehe 13 Agosti Gwendolen ikaingia bandarini, ikaanza kupiga mizinga. Risasi nyingi za kwanza zilikosa; mwishowe moja ikapiga merikebu iliyolala pale juu ya magogo, isiyoweza kukimbia wala kujibu.

Basi ikatoka mashua ndogo kutoka pwani, na ndani yake alikuwamo Bwana Berndt mwenyewe, amejaa hasira. Wasimuliaji wasema kwamba alimwuliza rafiki yake kama amelewa, hata ampigie merikebu yake. Rhoades akamweleza kwamba nchi zao zimeingia vitani, na tangu saa ile yeye ni mfungwa. Kisha Waingereza wakaondoa baadhi ya vyombo vya mashine, ili merikebu isiweze kutumika, wakaenda zao.

Huko London magazeti yalilifurahia sana jambo hili, wakaliita ushindi wa kwanza wa majini katika vita ile. Na hata leo watu hulisimulia kwa kicheko, kwa sababu ya marafiki wawili na mzinga uliokosa shabaha. Lakini tusicheke tukasahau maana yake. Kwa asubuhi moja tu, pasipo mtu kufa, Wadachi walinyang'anywa njia yote ya Ziwa Nyasa, ambalo urefu wake ni zaidi ya maili 350. Upande mmoja ulibaki na merikebu za moshi. Upande wa pili ulibaki na mitumbwi na miguu.

MATUNDA YA ASUBUHI ILE

Faida yake ilionekana kabla ya mwezi kwisha. Waingereza walikuwa na askari wachache wa King's African Rifles, nao walikuwa kusini, mbali na mpaka. Wakapakiwa katika Gwendolen na vyombo vingine, wakapelekwa kaskazini mpaka upande wa Karonga. Wadachi walipovuka mto Songwe na kuishambulia Karonga tarehe 9 Septemba 1914, waliwakuta adui zao wamekwisha kufika. Wakapigana vikali, wakarudishwa nyuma na hasara kubwa. Kama askari wale wangalilazimika kutembea kwa miguu, yamkini Karonga ingalitekwa kabla hawajafika.

Hata hivyo Wissmann haikuwa imekufa kabisa, na yawezekana chombo kilichojeruhiwa kutibiwa. Waingereza wakaogopa itatengenezwa na kurudi majini. Kwa hiyo tarehe 30 Mei 1915 walirudi Sphinxhafen, chini ya amri ya Bwana Dennistoun. Safari hii hawakuridhika kupiga mizinga kutoka mbali. Wakateremsha askari wa K.A.R. nchi kavu. Hao wakapigana na walinzi wa bandari na kuwafukuza, huku mizinga ya merikebu ikiwasaidia. Kisha wakaiharibu Wissmann kwa baruti hata isifae tena kwa vita.

Tendo hilo la kuteremsha jeshi kutoka chomboni katika pwani ya adui ni moja la matendo magumu kabisa ya vita. Askari aliye ndani ya mashua hana mti wa kujificha wala ardhi ya kulalia. Anaonekana na kila mtu, naye hawezi kurudi nyuma ila kwa kuogelea. Tena mizigo yake yote, na maji ya kunywa, na dawa za majeruhi, vyategemea chombo kilichomleta. Katika vita hiyo hiyo Waingereza walijaribu jambo kama hilo kwa ukubwa zaidi huko Tanga, mwezi wa Novemba 1914, wakashindwa vibaya na kupanda tena merikebuni. Sphinxhafen ilikuwa ndogo, lakini iliwezekana kwa kuwa maji yalikuwa tayari mikononi mwao.

Mwezi wa Septemba 1916 wakafanya tena. Askari waliteremshwa Wiedhafen, ambayo leo ni Manda katika wilaya ya Ludewa, wakapanda kutoka huko hata Songea, wakaushika mji. Kama Wissmann ingalikuwa hai na kulinda pwani ile, safari hiyo isingalikuwa nyepesi.

MZIGO ULIPOFIKA NCHI KAVU

Sasa natukumbuke nchi yetu wenyewe. Mwezi wa Mei 1916 Jenerali Northey alivuka mpaka pamoja na majeshi yake, akashika Neu Langenburg, yaani Tukuyu, na kabla ya siku nyingi askari wake wakaingia Njombe. Tarehe 24 Julai palipiganwa vita kali Malangali. Mwezi wa Agosti wakashika Lupembe na Iringa. Lakini ushindi huo haukukaa. Majeshi ya Kidachi yaliyotoka upande wa Tabora yakashuka na kupenya katikati yao, wakauzingira Lupembe mwezi wa Novemba. Sehemu moja yao, chini ya Hübner, ilizungukwa Ilembula, si mbali na Makambako. Na tarehe 26 Novemba 1916 ikaweka silaha chini, Wadachi zaidi ya 50 na askari zaidi ya 200, pamoja na mzinga mkubwa.

Mambo hayo yote yalihitaji chakula na risasi kila siku. Vilitoka wapi? Sehemu kubwa ilipita ziwani, ikashushwa Karonga na Mwaya. Hapo kazi ya merikebu ilikoma, ikaanza kazi ya mtu.

Na tufanye hesabu kidogo, kama tunavyowafundisha watoto darasani. Tani moja ni ratli 2,240. Tuseme mpagazi mmoja achukua ratli 50. Basi mzigo wa tani moja, ambao ndani ya merikebu ni kitu kidogo tu cha kuwekwa pembeni, wataka wapagazi 45 nchi kavu. Tena mpagazi hula. Tuseme hula ratli 2 za unga kwa siku. Akiwa amechukua unga, akaenda siku 12 na kurudi siku 12, amekwisha kula ratli 48 katika zile 50. Jeshi limepata ratli 2 tu kwa taabu yake yote. Hii ndiyo sababu kila mkuu wa vita alitamani maji, na kila siku ya mwendo mbali na ziwa ilihitaji watu wengi zaidi.

Na njia yenyewe si tambarare. Uso wa Ziwa Nyasa uko karibu futi 1,550 juu ya bahari. Njombe ni futi 6,000 na zaidi. Mtu aliyetoka katika joto la ziwani alipanda katika baridi na mvua ya milimani, mara nyingi pasipo nguo ya kutosha, na mzigo kichwani. Kifua, kuhara na uchovu viliua wengi kuliko risasi. Waingereza wenyewe waliandika kwamba katika vita vyote vya Afrika ya Mashariki wapagazi wao waliokufa ni zaidi ya 40,000, na wenye elimu waliochunguza baadaye wasema hesabu ya kweli yapita hiyo kwa mbali. Wadachi nao waliwachukua wapagazi, na wengi wao hawakuandikwa popote.

Watu wa Ubena walikuwa hawajapona hata jeraha la kwanza. Miaka 11 tu ilikuwa imepita tangu Vita vya Maji Maji, wakati Yakobi iliposhambuliwa mwezi wa Septemba 1905, na baada yake mashamba yakachomwa na njaa ikaingia. Sasa ghala zao zikafunguliwa tena kwa ajili ya majeshi mawili, moja likija na moja likiondoka. Mwezi wa Oktoba 1918 Jenerali von Lettow-Vorbeck mwenyewe alipita Njombe akielekea magharibi, akamwacha hapa Jenerali Wahle aliyekuwa mgonjwa. Vita ikaisha mwezi uliofuata. Nyuma yake ikaja homa ya mafua, ikawakuta watu wamedhoofika kwa njaa.

MWISHO WAKE

Na Wissmann je? Chuma hakifi upesi kama mtu. Waingereza waliichukua, wakaitengeneza, wakaipa jina jipya la King George V, ikarudi kufanya kazi katika ziwa lile lile chini ya bendera nyingine. Iliundwa kwa jina la mtu aliyewashinda watu wa pwani. Ikamaliza kwa jina la mfalme wa watu walioishinda. Na mmoja wa mizinga ya Gwendolen umewekwa Mangochi, karibu na mnara wa saa, wapitaji wautazame.

Katika Vita Kuu ya Pili kuteremsha majeshi kukawa ufundi mkubwa. Zikaundwa merikebu zenye mdomo unaofunguka, zinazokwenda mpaka mchangani na kutoa vifaru na motokaa. Jambo la ajabu ni kwamba mojawapo ya kwanza za namna hiyo, Bachaquero, ilikuwa kwanza merikebu ya kuchukua mafuta katika Ziwa Maracaibo huko Venezuela. Ilichaguliwa kwa sababu iliundwa kwa maji machache. Ilitumika Diego Suarez, katika kisiwa cha Madagaska, mwezi wa Mei 1942; na miezi michache baadaye askari wa K.A.R., pamoja na wa Tanganyika, walipelekwa kisiwani humo kwa bahari kumaliza vita hiyo. Basi mara ya pili chombo cha ziwani kiligeuzwa kuwa chombo cha vita, na mara ya pili watu wetu walihusika.

Tujifunze nini, basi? Kwanza, kwamba chombo hakina moyo wake. Merikebu moja iliombewa sadaka ili wafungwa wafunguliwe, ikatumika kutawala, ikaharibiwa kwa ajili ya vita, ikafufuliwa kwa ajili ya biashara. Kilichoigeuza si chuma chake, bali nia ya walioishika. Pili, kwamba vitabu vimetunza jina la merikebu, na majina ya manahodha wake, na tarehe ya kila mzinga uliopigwa. Lakini majina ya walioichukua mabegani kupita maporomoko ya Shire, na ya waliopandisha mizigo yake milimani, hayamo vitabuni. Leo mizigo ya Njombe hufika kwa motokaa, na tangu miaka ya 1970 reli ya TAZARA hupita Makambako, hata kijana aweza kudhani kwamba nchi hii ilikuwa daima na njia.

Wale waliokuwa wapagazi wamekwisha kufa wote. Wajukuu na vitukuu wao bado wapo, na katika nyumba nyingine limebaki jina, au habari ya babu aliyekwenda na mzigo asirudi. Walimu wenzangu, jambo hili laweza kuwa kazi njema kwa darasa: kila mtoto aulize kwao, aandike jina moja na mahali pamoja, na daftari hizo zitunzwe shuleni. Merikebu imekwisha kuandikiwa habari zake. Zimebaki za watu.